Anwani ya Duka Lako Mtandaoni: Chagua Jina Vizuri, Kisha Lisajili kwa Jina Lako

Umeshapata till, wateja wanalipa kwa simu, oda zinaingia WhatsApp. Hatua inayofuata kwa wafanyabiashara wengi ni kufungua tovuti. Na hapo ndipo maswali huanza. Nichukue .co.ke au .com? Nitie neno "viatu" kwenye jina ili Google inipandishe? Yule kijana wa kompyuta anasema nikimwongezea pesa kidogo atanitafutia jina litakaloniweka ukurasa wa kwanza. Je, ni kweli?

Tuanze na hilo la mwisho: si kweli. Hakuna jina linaloweza kukuweka ukurasa wa kwanza kwa nguvu zake lenyewe. Lakini anwani mbaya, au anwani nzuri iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, inaweza kukuondoa hapo ulipofika na kwenda na wateja wako. Kwa hivyo makala hii inaeleza mambo mawili: anwani inasaidia wapi hasa kwenye utafutaji, na utailinda vipi isije ikakuponyoka.

Anwani ina sehemu mbili

Tazama anwani hii ya mfano:

https://dukalamfano.co.ke/viatu/vya-shule

Sehemu ya "dukalamfano.co.ke" ndiyo jina la kikoa, ambalo wengi wetu tunaliita domeini tu. Hiyo unaisajili na kuilipia kila mwaka. Sehemu inayofuata, "/viatu/vya-shule", ni njia ya kufika kwenye ukurasa fulani ndani ya tovuti yako. Hiyo hulipii chochote, unaipanga mwenyewe.

Fikiria soko. Domeini ni jina la duka lililoandikwa juu ya mlango. Njia ni rafu zilizoko ndani. Mteja akishazoea jina la mlangoni, ukilibadilisha atapotea. Rafu nazo ukizihamisha bila kumwonyesha, atasimama pale pa zamani, aone patupu, aende kwa jirani.

Maneno kwenye jina hayanunui nafasi

Zamani ujanja huu ulifanya kazi. Mtu alisajili jina refu kama "viatu-bei-nafuu-nairobi", akaweka kurasa mbili tatu zisizo na maana, na bado akatokea juu kwa sababu jina lilifanana na maneno aliyoyaandika mtafutaji. Septemba 2012 Google ilitangaza mabadiliko yaliyolenga tovuti za aina hiyo: zenye jina linalofanana na maneno ya utafutaji lakini hazina kitu cha maana ndani.

Leo mwongozo wa Google kwa wanaoanza unasema wazi kwamba maneno yaliyo kwenye domeini au kwenye njia ya ukurasa, yakiwa peke yake, karibu hayana athari yoyote kwenye nafasi yako. Kinachopima zaidi ni ukurasa wenyewe: je, unajibu anachotafuta mtu? Una bei, saizi, picha zako mwenyewe, mahali ulipo na jinsi ya kulipa? Kuna tovuti nyingine zinazouelekeza msomaji kwako?

Kwa duka lenye mlango halisi mtaani, kuna kitu kingine ambacho ni cha bure na kina uzito: Google Business Profile. Mtu akitafuta "fundi viatu karibu nami" akiwa Kitengela au Kisumu, Google huangalia maduka yaliyosajiliwa kwenye ramani, umbali wake na maoni ya wateja. Ukiwa na shilingi elfu chache na wikendi moja, anza hapo kabla ya kumlipa mtu akutafutie jina la kimuujiza.

Basi jina lina kazi gani?

Jina ni la watu kuliko mashine. Tangu Januari 2025, kwenye simu Google imekuwa ikionyesha domeini pekee juu ya kila tokeo, bila ile njia ndefu ya ukurasa. Na wateja wako wengi wanatafuta kwa simu. Kwa hivyo kabla mtu hajabonyeza, anachoona ni jina lako, kichwa cha ukurasa na maelezo mafupi. Jina likionekana la kienyeji, safi na la kuaminika, atabonyeza. Likionekana kama la matapeli, atapita.

Pima jina kwa njia hii rahisi. Mpigie rafiki akiwa ndani ya matatu yenye kelele. Mtajie jina mara moja tu, bila kulitamka herufi kwa herufi. Mwambie alitume kwa WhatsApp. Akikosea, wateja nao watakosea. Mambo yanayofelisha jina mara nyingi ni haya:

- Tarakimu. Ukisema "mbili kwako", mtu ataandika 2, "mbili" au "two"?
- Vistari. "Ina kistari katikati" ni maelezo ambayo mteja atayasahau kabla hajakata simu.
- Herufi zinazochanganywa. R na L huchanganywa na wengi wetu, vivyo hivyo "dh" na "th". Ukiweza, epuka neno ambalo nusu ya mtaa hulitamka tofauti.
- Maneno yanayogongana. Domeini haina nafasi kati ya maneno. Andika jina lote pamoja, mpe mtu asiyelijua alisome kwa sauti, usikie kama hakutoki neno usilolitaka.
- Jina lililobana sana. Ukijiita viatu vya Nakuru leo, mwaka kesho ukifungua tawi Eldoret au ukaanza kuuza mikoba, jina litakubana kama kiatu cha mtoto.

Kisha hakikisha jina si la mwenzako. Tafuta jina la biashara kupitia eCitizen, kwa Huduma ya Usajili wa Biashara, yaani BRS, na uulize kuhusu alama za biashara kwa KIPI. Usitie kamwe jina la kampuni nyingine ndani ya lako, hata ya benki au ya malipo unayoitumia. Unaweza kunyang'anywa jina hilo baada ya kulitangaza mwaka mzima.

.co.ke, .ke au .com?

Majina yanayoishia na .ke husimamiwa na KENIC, ambayo huyauza kupitia wasajili walioidhinishwa. Kampuni na maduka hutumia .co.ke. Kuna .or.ke ya mashirika yasiyo ya kibiashara, .me.ke ya watu binafsi, na .go.ke ambayo ni ya serikali. Tangu 2017 unaweza pia kusajili jina linaloishia moja kwa moja na .ke, bila "co" katikati.

Kwa Google, mwisho wa .ke ni ishara kwamba tovuti yako inawalenga watu wa Kenya. Ishara hiyo ipo, lakini ni ndogo. Google yenyewe ilitangaza Aprili 2025 kwamba itaacha anwani zake za kila nchi, kama google.co.ke, na kuwapeleka watu wote google.com, kwa sababu siku hizi inajua uko nchi gani bila kutegemea anwani hiyo.

Kwa hivyo amua kwa kuangalia mteja wako. Unauza gesi, unga au sare za shule Thika? Chukua .co.ke, watu wameizoea na inaonyesha uko hapa nyumbani. Unauza vyondo kwa wanunuzi wa Ujerumani na Marekani? Hapo .com inafaa zaidi. Ukiweza kulipia zote mbili, zichukue, fanya moja iwe anwani kuu na nyingine impeleke mtu huko moja kwa moja. Angalau mwenye nia mbaya hatachukua pacha wa jina lako.

Jihadhari na miisho inayouzwa bei ya kutupa mwaka wa kwanza. Kabla hujalipa, uliza bei ya kuihuisha mwaka wa pili. Hapo ndipo wengi hushtuka.

Jina ni la nani?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na halihusu Google hata kidogo.

Domeini hainunuliwi milele kama kiti. Ni kama kibanda cha kukodi: jina la mpangaji limeandikwa kwenye daftari, na kodi hulipwa kila mwaka. Swali ni moja: kwenye hilo daftari, mpangaji ni nani? Mara nyingi fundi wa tovuti husajili jina kwa barua pepe yake mwenyewe ili kazi iende haraka. Hana ubaya wowote wakati huo. Miaka miwili baadaye mmekosana, au amehama mji, au simu yake haipatikani. Taarifa za kulipia zinakwenda kwake, wewe huzioni. Siku moja tovuti inazimika, na msajili anakuambia hawezi kuzungumza nawe kwa sababu jina si lako.

Jina la .com likishapitwa na tarehe na kufutwa na msajili, kwa kawaida kuna siku 30 za mwenye nalo kulikomboa kwa ada ya ziada. Zikipita, yeyote anaweza kulisajili. Wapo wanaovizia majina yenye historia nzuri, kwa sababu viungo vyote vilivyokuwa vikielekea kwako bado vinaelekea pale.

Usidhani ni wadogo tu wanaosahau. Desemba 1999 Microsoft ilisahau kulipia passport.com, jina lililotumika kuwaingiza watu kwenye barua pepe zao za Hotmail. Watu walifungiwa nje hadi mtaalamu mmoja wa kompyuta wa Marekani, ambaye hakuwa mfanyakazi wao, alipolipa ile ada ya dola 35 kwa kadi yake. Kama kampuni ya ukubwa huo iliokolewa na mpita njia, wewe weka kikumbusho kwenye simu.

Fanya hivi leo: fungua ukurasa wa msajili wako, angalia jina la mwenye domeini na barua pepe iliyowekwa. Ikiwa si zako, mwombe fundi abadilishe mkiwa bado mnaongea vizuri. Akaunti iwe yako, nywila iwe yako, na yeye umpe ruhusa ya kufanya kazi tu. Lipia mwenyewe kutoka kwa simu yako na uhifadhi ujumbe wa malipo. Pia ujue kuna matapeli wanaotuma ankara bandia: "Jina lako linaisha kesho, lipa hapa." Usilipe kupitia kiungo cha barua pepe. Ingia mwenyewe kwenye tovuti ya msajili na uangalie tarehe.

Kupanga anwani za kurasa

Sasa tuingie ndani ya duka. Linganisha anwani hizi mbili:

dukalamfano.co.ke/index.php?id=47&cat=9
dukalamfano.co.ke/viatu/vya-shule

Google inaweza kuzisoma zote mbili. Lakini ya pili mteja anaielewa kabla hajaifungua, na akiiona kwenye kundi la WhatsApp la wazazi anajua ni ya nini. Kanuni zenyewe ni chache:

Tumia maneno ambayo mteja wako hutumia. Kama anasema "mitumba", andika mitumba.

Tenganisha maneno kwa kistari cha kawaida, si kistari cha chini. Google inapendekeza hivyo. Kwenye domeini kistari ni kero kwa sababu watu huitamka. Kwenye njia ya ukurasa ni msaada kwa sababu watu huinakili na kuibonyeza.

Andika kwa herufi ndogo zote. Kwenye domeini herufi kubwa na ndogo ni sawa, lakini kwenye njia, "/Viatu" na "/viatu" zinaweza kuhesabiwa kama kurasa mbili tofauti.

Usitie vitu vitakavyobadilika. Ukiandika "/ofa-ya-2025-bei-1500", mwakani anwani itakuwa imechakaa ilhali ukurasa bado ni mzuri. Andika "/ofa", ubadilishe yaliyomo tu.

Usizidishe ngazi. Kundi la bidhaa, kisha bidhaa yenyewe, inatosha kwa duka dogo.

Chagua mlango mmoja. Ukurasa uleule unaweza kufunguka kwa http na https, ukiwa na "www" na bila "www". Hizo ni anwani nne za kitu kimoja. Mwambie fundi achague moja ya https na zingine zote zielekezwe huko. Google ilianza kuihesabu https kama ishara ndogo ya nafasi mwaka 2014, na tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome humwonya mtu kwamba tovuti ya http si salama. Cheti cha https kinapatikana bure, kwa mfano kutoka Let's Encrypt, kwa hivyo ukitozwa pesa nyingi kwa hicho pekee, uliza ni za nini.

Ukihama, acha mtu mlangoni

Umebadilisha fundi, tovuti mpya inapendeza, lakini baada ya wiki tatu simu zimepungua. Mara nyingi sababu ni hii: anwani zote za zamani zimekufa. Google ilikuwa inazijua hizo. Wateja walikuwa wamezihifadhi. Stika zako, risiti na bango la barabarani bado zinazitaja.

Dawa yake ni uelekezaji wa kudumu, ambao mafundi huuita 301. Kila anwani ya zamani inamtuma mgeni kwenye ukurasa mpya unaolingana nayo, na Google nayo inaelewa kwamba umehama, hujafunga. Usielekeze kurasa zote kwenye ukurasa wa mwanzo; aliyetafuta viatu vya shule apelekwe kwa viatu vya shule. Google inashauri uelekezaji huo ubaki kwa muda mrefu iwezekanavyo, angalau mwaka mmoja. Kwa hiyo ukibadilisha domeini, endelea kulipia ile ya zamani. Kisha ingia Search Console, chombo cha bure cha Google, uangalie ni kurasa gani hazipatikani.

Na kama hakuna sababu ya maana ya kubadilisha anwani, usibadilishe. Anwani yenye sura mbaya kidogo lakini inayojulikana ina faida kuliko nzuri ambayo hakuna anayeijua.

Anwani na pesa za wateja wako

Mteja akikulipa mtandaoni, anwani ndiyo inamwambia yuko kwako. Matapeli wanajua hilo. Angalia hii:

https://dukalamfano.co.ke.lipa-haraka.com/viatu

Inaonekana kama duka lako, lakini siyo. Soma hivi: tafuta mkwaju wa kwanza baada ya https://, kisha rudi nyuma kushoto. Kilicho karibu na mkwaju ndicho mwenye nyumba, na hapa ni lipa-haraka.com. Alama ya kufuli kwenye kivinjari haikuokoi, maana hata tapeli hupata cheti cha bure. Inaonyesha tu kwamba mawasiliano yamefichwa, haisemi unawasiliana na nani.

Kwa hiyo waambie wateja wako anwani moja tu ya kulipia, iandike kwenye risiti na kwenye wasifu wako wa WhatsApp, na usiwatumie viungo vilivyofupishwa ambavyo hawawezi kuvisoma. Wakumbushe pia kwamba PIN huandikwa kwenye simu yao wenyewe wakati wa kulipa. Haiandikwi kwenye ukurasa wa tovuti, na duka la kweli halina haja ya kuijua.

Jambo la mwisho la kumuuliza fundi wako: baada ya malipo, anwani ya ukurasa inaonekanaje? Ikiwa ni kama "/asante?simu=07..." pamoja na jina la mteja, mwambie aitoe. Anwani hubaki kwenye historia ya kivinjari, kwenye kumbukumbu za seva, na huweza kufika kwa kampuni za matangazo ulizounganisha na tovuti. Namba ya simu ya mteja ni taarifa yake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka uitunze. Namba ya oda inatosha.

Kabla hujalipa, pitia haya

1. Jina limepita mtihani wa simu ndani ya matatu.
2. Umelitafuta eCitizen na kwa KIPI, si la mtu mwingine.
3. Unajua bei ya mwaka wa pili, si wa kwanza tu.
4. Mwenye domeini ni wewe, kwa barua pepe yako.
5. Tarehe ya kulipia iko kwenye kalenda ya simu, mwezi mmoja kabla.
6. Kurasa zina anwani fupi, herufi ndogo, bila mwaka wala bei.
7. Anwani zote za zamani, kama zipo, zinaelekezwa kwenye mpya.
8. Hakuna namba ya simu ya mteja ndani ya anwani yoyote.

Namba 4 ukishaikamilisha, zilizobaki unaweza kuzirekebisha polepole. Ukiiruka hiyo, zingine zote unamjengea mtu mwingine.